Udongo wa kuuza: safari ya taka za mabanda na masoko ya Dar hadi kwenye kiroba

Watu wengi wanaonifuata kuuliza habari za mboji huanza na mchanganyiko: mbolea ya kuku kiasi gani, maranda kiasi gani. Mimi huwauliza kwanza kuhusu gari. Nimeendesha kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kwa miaka kati ya Kitunda, Kivule na Gongo la Mboto kabla sijashika koleo, na kilichonivuta huku ni hesabu iliyokuwa ikifanyika nyuma ya gari langu mwenyewe. Mfugaji alinilipa nikamwage taka za banda lake. Wiki hiyohiyo muuza miche wa upande wa Mbezi Beach alinilipa nimtafutie mbolea iliyoiva. Mzigo ni uleule. Tofauti yake ni miezi miwili mitatu ya kuoza, na hiyo miezi haikuwa na mwenyewe.

Taka utapewa bure, lakini hakuna atakayekupa mafuta ya gari bure. Kila ushauri nitakaoutoa hapa chini unatoka kwenye jambo hilo.

Taka ziko wapi, na zipi zinastahili safari

Dar hatulimi sana, lakini mazao ya mikoani yanaishia huku, na kila zao linakuja na ganda lake. Pale Mahakama ya Ndizi, Mabibo, kuna majani makavu ya migomba yaliyofungiwa mikungu, na vikonyo vinavyobaki baada ya vichane kukatwa. Keko kuna mafundi samani na maranda yao. Mnada wa Pugu una samadi. Vituo vya daladala karibu vyote vina mtu wa madafu na mtu wa juisi ya miwa, na jioni makumbi na makapi yanabaki pembeni ya barabara. Wauza mkaa wana chenga zinazobaki chini ya gunia. Kitunda, Kivule na Chanika kuna mabanda ya kuku wa nyama, ambao huuzwa wakiwa na wiki tano hivi. Maana yake banda linasafishwa kila kundi likitoka, na mwenye banda anahitaji mtu wa kuondoa ule uchafu siku hiyohiyo maana vifaranga wengine wanakuja.

Usizifuate zote. Chagua moja inayopatikana kwa uhakika karibu na uwanja wako, hiyo iwe msingi, na nyingine zipande gari linaporudi kutoka kupeleka mzigo. Gari likirudi tupu kutoka Mabibo umeshapoteza. Na kitu chenye maji mengi usikibebe mbali: kikonyo cha mkungu sehemu yake kubwa ni maji, kwa hiyo mtu wa Kivule akikisomba kutoka Mabibo analipia usafiri wa maji. Majani makavu, sawa. Vikonyo mwachie aliye Kigogo au Manzese.

Kwangu msingi ni taka za banda la kuku, kwa sababu zinakuja zikiwa tayari zimechanganyika na maranda au pumba za mpunga zilizotandikwa chini. Nusu ya kazi wameshaifanya kuku.

Mazungumzo na mfugaji yawe mafupi na ya heshima. Mimi husema hivi: “Shikamoo mama. Banda ukilisafisha usimlipe mtu wa kumwaga. Nipigie, nakuja na viroba vyangu na vijana wangu, tunakuachia pasafi.” Wengi hukubali hapohapo. Wachache watataka kuuza, hasa wakishajua unachofanya, na bei ndogo kwa kiroba ni haki yao. Ila usilipe bei ya mbolea iliyoiva kwa kitu kibichi. Uliza mambo mawili: chini walitandika nini, na chupa za chanjo, sindano na nyembe wanatupa wapi. Hilo la pili ni muhimu kuliko linavyosikika. Mteja wako ataingiza mikono mitupu kwenye huo udongo.

Kwa maranda, chukua ya mbao za kawaida. Yale yanayotoka kwenye mbao za kijani zilizotiwa dawa, na ile vumbi laini ya mbao za kiwandani zilizogandishwa kwa gundi, yaache palepale hata kama fundi anakubembeleza uyaondoe.

Uwanja

Hauhitaji eneo kubwa. Hatua ishirini kwa kumi zinatosha kuanza, mradi gari linafika, pana mteremko kidogo maji yasituame, na ni mbali na kisima. Udongo wetu wa pwani ni wa kichanga; majimaji ya mbolea yanazama haraka na kuingia kwenye visima vifupi vya majirani. Tandika turubai gumu au mwaga zege jembamba kabla ya lundo la kwanza. Kivuli cha mwembe ni msaada mkubwa, kwa sababu jua la Januari linakausha lundo kwa juu huku ndani likiwa bado bichi.

Pita serikali ya mtaa ujitambulishe kabla harufu haijakutambulisha. Lundo lililotengenezwa vizuri halinuki, lakini siku ya kushusha mzigo mbichi lazima litanuka, na jirani aliyekwisha kuonywa hukasirika kidogo kuliko aliyeshtukizwa. Shusha asubuhi, funika mara moja. Siku ya Eid na siku ya msiba jirani, usishushe kabisa.

Kujenga lundo

Vijidudu vinavyoozesha vinahitaji kaboni na naitrojeni, na vinafanya kazi vizuri penye kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa naitrojeni sehemu moja. Maranda matupu yana kaboni mamia kwa moja, ndiyo maana lundo la maranda linaweza kukaa mwaka mzima likakutazama tu. Mbolea tupu ya kuku ina kama kumi kwa moja au pungufu, ndiyo maana inanuka mkojo: naitrojeni iliyozidi inapaa hewani kama amonia, na ile harufu ndiyo pesa yako inayoondoka.

Kwa vipimo vya ndoo, ninavyofanya ni hivi. Taka za banda lenye matandiko mengi makavu: ndoo moja ya taka kwa ndoo moja ya vitu vikavu, yaani majani ya migomba yaliyokatwakatwa, makapi ya miwa yaliyokauka au majani ya mwembe. Zikiwa zimeshiba kinyesi, nyeusi na nzito: ndoo moja kwa mbili, hata tatu. Usiogope kukosea kidogo, pua itakuambia. Likinuka amonia ongeza vikavu. Likikaa baridi siku nne ongeza mbolea ya kuku, na angalia maji.

Panga kwa tabaka za kiganja kimoja, kila tabaka ulinyunyizie maji. Chukua konzi kutoka ndani ulikamue: matone mawili matatu yakitokea kati ya vidole, inatosha. Yakichuruzika ni mengi. Pasipotoka tone na kiganja kikabaki kikavu, ongeza. Lundo lisipungue mita moja kwa urefu, upana na kimo, maana likiwa dogo joto linatoroka. Likizidi mita moja na nusu kwenda juu, hewa haifiki katikati na linaanza kunuka mayai viza.

Ndani ya siku tatu lazima lichemke. Choma nondo hadi katikati, iache dakika kumi, ichomoe na uishike. Ukishindwa kuishika, uko vizuri. Mwenye kipimajoto anatafuta nyuzi 55 hadi 65. Kipimo kinachotumika sana kwa mboji ya kugeuzwa ni lundo kukaa nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, likigeuzwa mara tano ndani ya siku hizo, cha nje kiingie ndani na cha ndani kitoke nje. Kwa mzigo wa kuku hapa hakuna mjadala, kwa sababu joto hilo ndilo linaloua vimelea vya kinyesi na mbegu za magugu. Anayegeuza avae buti, glavu na barakoa. Vumbi la banda la kuku si la kuvuta.

Baada ya hapo geuza kila wiki mpaka joto lishuke lenyewe na lisipande tena hata ukigeuza. Kisha liache likomae mwezi mwingine bila kuligusa. Kwa joto la Dar, kuanzia siku ya kwanza hadi kiroba ni miezi miwili na nusu hadi mitatu. Anayekuambia wiki tatu anauza kitu kibichi chenye rangi nyeusi.

Jambo moja la huku kwetu pwani: chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa minazi, anapenda kutaga kwenye malundo ya samadi na mboji. Ukigeuza ukakuta mabuu manono meupe yaliyojikunja, yaokote yote. Kuku wanayapenda, na mwenye minazi jirani atakushukuru.

Madafu yana utaratibu wake

Makumbi ya dafu yanawavutia wengi kwa sababu yamezagaa kila mahali. Ni mazito, yana maji, hayaozi haraka, na bila mashine ya kusaga utavunja panga na mgongo. Kwenye lundo kuu usiyaweke mazima. Mimi huyapasua vipande vinne, nayaanika hadi yawe mepesi, kisha nayatumia kwa kazi mbili: vipande chini ya vyungu vikubwa ili maji yapite, na vipande vidogo kwa wenye maua ya okidi, ambao ni wachache lakini hawabishani bei.

Ule unga wa makumbi ya nazi zilizokomaa, unaobaki panapofuliwa nazi, ndio dhahabu. Unashika maji vizuri kuliko kitu chochote utakachookota Dar. Lakini una chumvi, hasa potasiamu na sodiamu, kwa hiyo uloweke na kuusuuza kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa kabla ya kuuchanganya. Na hayo maji yawe ya bomba au ya mvua. Visima vingi vya Kigamboni na ukanda wa bahari vina maji ya chumvi. Ukiyaonja ulimi ukakwambia, usiyatumie kusuuza wala kumwagilia lundo kila siku. Maji yanakauka, chumvi inabaki. Wanaotaka kwenda mbali zaidi na zao hili wana bahati: TARI Mikocheni, tawi la Taasisi ya Utafiti wa Kilimo lililo hapahapa mjini, ni kituo chenye historia ndefu ya utafiti wa minazi.

Imeiva au bado?

Kabla ya kuchekecha, fanya majaribio mawili. Jaza mboji yenye unyevu kwenye mfuko usiopitisha hewa, funga, weka kivulini siku tatu. Fungua unuse. Ukipata amonia au uchachu, rudisha uwanjani. La pili, panda mchicha kwenye kopo lenye mboji iliyochanganywa na mchanga nusu kwa nusu, na kopo jingine lenye udongo wa kawaida. Kwa joto letu mchicha unachomoza ndani ya siku tatu hadi tano. Kopo la mboji likichelewa, au miche ikatoka na ncha zilizoungua, mzigo haujaiva au una chumvi. Piga picha makopo yote mawili. Hiyo picha ndiyo tangazo lako la WhatsApp, na hakuna maneno utakayoandika yatakayouza kuishinda.

Kisha chekecha kwa wavu wa chuma wenye matundu ya nusu inchi kwa ajili ya bustani, na robo inchi kwa ajili ya miche. Kinachobaki juu ya wavu kinarudi kwenye lundo jipya, ambako kinasaidia kulianzisha. Vipande vya plastiki na vioo vinatoka hapa. Usiharakishe hatua hii.

Pesa iko kwenye mchanganyiko wa kupandia

Sasa hesabu. Tuseme umejenga lundo la mita mbili za ujazo. Umesomba kwa kirikuu mara tatu kwa shilingi 25,000, jumla 75,000. Kijana wa kugeuza 30,000. Maji 10,000. Umefika 115,000. Lundo linapungua karibu nusu likiiva, kwa hiyo unapata mita moja ya ujazo, sawa na ndoo 50 za lita 20. Weka kila ndoo kwenye kiroba cha shilingi 500, ongeza 25,000. Jumla 140,000, yaani shilingi 2,800 kwa kiroba kabla hujala wewe. Ukiuza 3,000 umefanya kazi ya kuburudisha majirani.

Chukua mboji hiyohiyo uifanye udongo wa kupandia: ndoo mbili za mboji, mbili za udongo, moja ya mchanga au pumba za mpunga. Ndoo zako 50 zinakuwa kama 125. Ongeza tuseme 60,000 za kuleta udongo na mchanga, na 62,500 za viroba. Jumla ni 237,500, na kila kiroba kimekugharimu 1,900. Gharama imeshuka, na mteja yuko tayari kulipa zaidi, kwa sababu mwenye nyumba mpya ya Goba hataki somo la kuchanganya mboji. Anataka kufungua kiroba, kumwaga kwenye chungu na kupanda. Weka bei zako halisi mahali pa hizi zangu za mfano, lakini fanya hesabu hii kwenye karatasi kabla ya safari ya kwanza.

Udongo wenyewe usiununue kwa wanaokwangua kingo za mito. Jiji linajengwa kila siku; mtu anayechimba msingi au shimo la choo anatafuta pa kumwaga kifusi. Ni udongo usio na rutuba, lakini rutuba unaileta wewe, wao wanakupa umbo. Ukiwa upande wa Pugu kuwa macho na ule udongo mweupe wa kaolini: ukikauka unaganda na mizizi haipiti.

Ukiweza, tia chenga za mkaa, ndoo moja kwa kila kumi za mchanganyiko. Ziloweke kwanza kwenye maji ya samadi siku kadhaa, la sivyo zitafyonza chakula cha mmea kabla ya mmea wenyewe. Jivu ni jambo jingine; linapunguza tindikali ya udongo na kuusogeza upande wa magadi, kwa hiyo kikombe kinatosha pale ambapo wengine wanamwaga ndoo.

Uza kwa ujazo, si kwa kilo. Mboji iliyonyeshewa ina uzito ambao mteja atauona ni wizi ikishakauka nyumbani kwake.

Nani ananunua

Wauza miche wa kandokando ya Barabara ya Bagamoyo hununua kwa wingi na kwa bei ya chini, lakini wanalipa na wanarudi. Wao ndio mshahara wako. Wenye nyumba wa Mbezi Beach, Goba na Madale hununua viroba vichache kwa bei nzuri. Wakati wa kupeleka, beba vya ziada, jirani atatoka getini. “Kaka, huo udongo hauna wadudu?” ndilo swali utakaloulizwa zaidi, na jibu sahihi ni kufungua kiroba, kuingiza mkono na kumpa anuse. Mboji iliyoiva ina harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Kina mama wa mchicha na matembele mabondeni wanataka mbolea ya kuku kwa bei ya kirikuu. Usiwabebeshe viroba vyenye lebo. Wauzie mboji isiyochekechwa, kwa gari, na uwaeleze kwa nini ni salama kuliko mbichi kwenye mboga ya majani.

Makaratasi nayagusa kwa haraka. Jina la biashara unasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara; TIN, namba ya mlipakodi, ni TRA, mamlaka ya mapato; leseni ni halmashauri yako. Ila ukitaka kuandika neno mbolea kwenye kiroba na kukiingiza dukani, hapo umeingia kwenye Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009, na TFRA, mamlaka ya udhibiti wa mbolea, ndio wanaosajili mbolea na wafanyabiashara wake, ya asili ikiwemo. Waone kabla ya kuchapisha lebo, maana kuchapisha upya ni ghali.

Mwisho ni kalenda. Lundo la Juni na Julai linaiva kwa ajili ya vuli ya Oktoba, na la Desemba linaiva kwa ajili ya masika ya Machi. Masika yenyewe si wakati wa kujenga: mvua inaosha rutuba yote na kuzima joto, kwa hiyo kila lundo liwe chini ya turubai, na matandiko makavu uwe umeyaweka akiba mapema, kwa sababu Aprili hutapata maranda makavu popote. Barabara za ndani za Kivule zikishalegea, gari langu halitoki na mzigo. Wateja wangu wa Goba nimewazoesha kuagiza Machi na kulipa nusu mkononi, na hiyo nusu ndiyo inayonunua viroba vya msimu unaofuata.